Makubadhi yangu na kura za Georgia

Jamani leo mie nna hasira msinisogelee. Natoka msikitini baada ya Magharibi, nafika mlangoni makubadhi sina. Ya ngozi, mapya, hata mwezi hayajatimiza. Zimebaki kandambili mbili, moja buluu moja kijani, na zote za mguu wa kushoto. Sasa huyo alochukua kaondokaje, hebu nambieni, kwao wana miguu mingapi?

Nikazivaa hivo hivo, mtu mzima na kanzu yangu, natembea upande kama kaa. Umeme umekatika, maji tangu juzi hayajatoka, hayo tuyaache.

Nafika barazani nataka kushtaki, nani anisikilize? Kuna bwana sie tunamwita Mchambuzi, kashika kikombe cha kahawa mkono mmoja simu mkono wa pili, anasema uchaguzi wa Marekani wa 2020 uliibiwa na ushahidi anao. Ushahidi wenyewe video. Ukumbi kule Atlanta, jimbo la Georgia, usiku, watu wanatoa masanduku chini ya meza. Basi. Nkamwambia sheikh, hayo ni masanduku ya kura ya kawaida, wachunguzi wa Georgia wameitazama video yote, si kijipande hichi chako, na kura zote za urais, kama milioni 5, zikahesabiwa upya kwa mkono, Biden kashinda vile vile. Na Giuliani, wakili wa Trump, alowasingizia wafanyakazi wawili wa ukumbi ule, mama na mwanawe, 2023 mahakama imemwambia alipe dola milioni 148.

"Mahakama nazo zimo kwenye wizi," anasema.

Zimo wapi? Kesi zaidi ya 60 zimefunguliwa, karibu zote zimeanguka, na majaji wengine kawateua Trump mwenyewe.

"Wamenunuliwa."

Na Barr, mwanasheria mkuu wa Trump mwenyewe, alosema hakuona wizi wa kugeuza matokeo?

"Huyo ndo mkubwa wao."

Basi kwa hesabu hiyo wezi wengi kuliko wapiga kura, maana kila anosema hakuna wizi naye mwizi. Nikaona nimmalize na Arizona. Kule watu wa chama cha Trump walikodi kampuni inaitwa Cyber Ninjas, ikahesabu kura milioni 2 kwa mkono, na karatasi wakazimulika kutafuta nyuzi za mianzi kwa vile mtu kasema kura zimekuja na ndege kutoka Asia. Muuza kahawa akaweka dele chini, "Mianzi hii ya kusukia madema ya kuvulia samaki?" Basi hapo tumepoteza robo saa nzima, mmoja anasema dema la siku hizi halidumu, mwengine anasema anodanganya ni msukaji, nami napiga kelele jamani matokeo, matokeo, Biden kaongezeka kura 99 na Trump kapungua 261! Hakuna alosikia. Wako kwenye dema.

Mchambuzi hakushindwa. "Wewe Mzanzibari unambia mie uchaguzi hauchezewi? 2015 tumepiga kura Oktoba 25, Oktoba 28 matokeo yamefutwa yote, Machi 20 tumerudia. Umesahau?"

Sijasahau, nasahau vipi. Lakini ndo hiyo hiyo, aloumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, sasa ung'ongo wenyewe uko Georgia na wewe uko Kikwajuni unashtuka. Letu lina mambo yake, la kwao lina mambo yake. Hata kadhi anakwambia bayyina, yaani ushahidi, ni juu ya anaedai, si kila mwenye video kashinda kesi. Nimelisema hilo kwa sauti, kidole juu, hadi watoto wa jirani wamenyamaza. Nikaona hapa ndo pa kuingiza langu. Nkasema, na mimi leo nimeibiwa makubadhi.

"Una bayyina?" Mchambuzi huyo.

Wallahi nilitaka kulia. Nani kakuona umeyavaa? Yalikuwa rangi gani? Pengine mwenzio kakosea kwa sababu ya kiza. Pengine umetoka nyumbani na kandambili. Mmoja anambia rudi ukahesabu tena viatu vyote mlangoni! Watu hawa hawa, nusu saa nyuma kiji-video cha Atlanta kimewatosha, leo mie nimesimama mbele yao na kushoto mbili, ushahidi miguuni, wananitaka shahidi!

Umeme ukarudi. Mtaa mzima "uyoooo", kila mtu mbio akachaji simu. Mchambuzi kateremka barazani, kaingiza miguu kwenye makubadhi. Ya ngozi. Mapya.

Sasa makubadhi ya ngozi hapa mjini wanavaa wangapi. Yanauzwa kila duka. Na yeye kasali wapi leo sijui, sikumuona, kutomuona si ushahidi. Lakini ile namna alivoharakisha...

Sijasema kitu. Nimelipia kahawa yangu, na yake maana kaondoka hajalipa, nikenda zangu upande upande mpaka nyumbani. Bibi yuko mlangoni na ndoo, ananiuliza maji umeyasikia yametoka huko mitaani au bado.