Jibu la usaili likifika, mtoto aambiwe nini?

Mtihani wa darasa la saba ukimalizika Septemba, nyumba nyingi za Tanzania huwa katikati ya pilikapilika nyingine: usaili wa kidato cha kwanza shule binafsi. Jumamosi hii shule moja, Jumamosi ijayo nyingine. Unalipia fomu, mtoto anafanya Hisabati na Kiingereza, kisha mnasubiri ujumbe kwenye simu. Ujumbe ukisema hakuchaguliwa, wazazi wanagawanyika.

Wapo wanaoficha. "Nafasi zilijaa," wanamwambia, au "tumeona ni mbali." Siwabezi. Mtoto wa miaka 12 au 13 anayesubiri matokeo ya taifa, ukimwambia kakosa huku, anaweza kuamini kakosa na kule, na wiki zile zote akalala na hofu.

Lakini siri hii haikai. Kundi la WhatsApp la wazazi limeshajaa "wangu kapata, Mungu ni mwema", na simu ya mama ndiyo hiyohiyo mtoto anachezea gemu. Akigundua mwenyewe, anajifunza kwamba kukosa kwake ni aibu hata nyumbani hakutajwi. Hilo naliona zito kuliko jibu lenyewe.

Binti wa dada yangu alisoma shule ya msingi ya serikali, masomo yote kwa Kiswahili. Alitoka kwenye chumba cha usaili akiwa kimya. Kwenye daladala akanitajia swali moja la Hisabati, akirudia maneno ya Kiingereza kama alivyoyakariri. Nikamfasiria. "Kumbe ni KDS!" akasema, yaani kigawe kidogo cha shirika, akalikokotoa pale pale nyuma ya risiti ya fomu. Hakuchaguliwa. Baba yake alitaka wamwambie shule imejaa. Mama akakataa, akamweleza yote, pamoja na hilo kwamba karatasi ilimpima lugha kabla haijampima hesabu.

Haki ya shule nayo ipo: vitanda vya bweni vina idadi, na mchujo wa namna fulani lazima uwepo. Ila mtoto ana haki ya kujua shule inachuja kwa ajili gani. Kwa miaka mingi NECTA, Baraza la Mitihani la taifa, ilitangaza shule kumi bora, mpaka ilipoacha Januari 2023, na shule iliyotaka kuingia kwenye orodha ilikuwa na kila sababu ya kuokota walioiva tayari. Orodha imekwenda, tabia bado ipo. Kwa hiyo jibu la "hapana" linasema pia shule inamtafuta nani.

Upande wa ukweli nao una kosa lake, tena baya. Kuna mzazi anayesema ukweli kama fimbo: "Nimepoteza nauli na hela ya fomu kwa ajili yako." Huyo bora angenyamaza. Na wako wanaoharibu mapema zaidi, miezi mitatu kabla, kwa kuita shule ya kata jalala mbele ya mtoto. Tangu Januari 2016 shule za serikali hazitozi ada kidato cha kwanza hadi cha nne, na huko ndiko watoto wengi wa nchi hii wanakosoma. Ukishaitukana, ukisema baadaye "utakwenda kata, hakuna shida", hakusadiki, maana wewe ndiye uliyemtisha.

Binti yetu alilia usiku ule. Asubuhi, akiwa anafagia uwanja, akamuuliza mama yake: "Na kata watanifundisha kwa Kiingereza?" Mama akamwambia ndiyo, sekondari zote za serikali masomo karibu yote ni kwa Kiingereza. Akaweka ufagio chini, akaingia ndani kutafuta ile risiti.