Bronzi ya leza: ugumu si sifa ya kujivunia

Kila nikisoma ripoti ya upakaji wa bronzi juu ya chuma kwa leza, yaani unga wa bronzi kuyeyushwa kwa leza ukaganda juu ya chuma, sifa inayotangulizwa ni ugumu: bronzi hii imetoka ngumu kuliko ile ya kumiminwa kwenye kalibu. Mimi hapo ndipo ninapoanza kutia shaka.

Muulize fundi yeyote wa kuchonga bushi, kile kibomba ambamo shafti huzunguka, kwa nini hachongi bushi ya chuma kigumu. Atakujibu kwamba bushi ndiyo inayotakiwa kufa. Shafti ni ghali, na kuing'oa ni kazi ya siku nzima, kwa hiyo bora bushi ilike, shafti ipone. Mchanga ukiingia kwenye oili, bronzi laini huipokea chembe ikazama humo na kutulia. Bushi ikiwa ngumu, chembe inabaki juu, na shafti inachorwa mistari unayoisikia kwa ukucha.

Sasa, ugumu wa bronzi ya leza unatoka wapi? Kwa sehemu ni halali. Metali iliyoyeyushwa inapoa haraka mno, punje zake, yaani fuwele zinazoiunda, zinatoka ndogo, na punje ndogo huongeza ugumu. Ila sehemu nyingine ni chuma kilichopanda kutoka chini. Bronzi kwa sehemu kubwa ni shaba, na shaba haipatani na leza ya kawaida ya infraredi: huakisi takriban asilimia 95 ya mwanga huo. Mwendeshaji anaongeza nguvu, joto linapitiliza, na uso wa chuma unayeyuka nao. Kata kipande, king'arishe, kitazame kwa hadubini: ndani ya uwanja wa manjano kuna matone ya kijivu, duara kabisa. Hicho ni chuma kilichojitenga na shaba wakati wa kupoa, kama mafuta yanavyojitenga na maji. Kipimo cha ugumu kinapanda kwa sababu ya matone hayo, lakini shafti nayo ni chuma. Oili ikikatika kidogo tu, chuma kinakutana na chuma na kung'ang'aniana. Zaidi ya hapo, shaba iliyoyeyuka hupenya katikati ya punje za chuma kilicho chini na inaweza kukipasua.

Sisemi teknolojia yenyewe ni mbovu. Huko Aachen, Ujerumani, taasisi ya Fraunhofer ILT na chuo kikuu cha RWTH walitengeneza njia iitwayo EHLA, ya kupaka metali kwa leza kwa kasi kubwa mno, iliyopata tuzo ya Joseph von Fraunhofer mwaka 2017. Unga unayeyushwa ukiwa bado hewani, kabla haujagusa chuma, kwa hiyo chuma cha chini kinayeyuka kidogo sana. Leza za bluu za nanomita 450 nazo zinasaidia, maana shaba inazinywa vizuri zaidi. Risasi, ile metali laini iliyokuwa ikilainisha bronzi za zamani, kwenye joto hilo hugeuka moshi wa sumu, basi iachwe huko ilikokuwa.

Mahali pake hasa napaona kwenye giaboksi za mitambo ya upepo. Bronzi inapakwa moja kwa moja juu ya pini, na gia inazunguka juu yake. Hakuna bushi ya kulegea na kuanza kuzunguka, nafasi inaokolewa, na hakuna anayetamani kubadilisha beringi juu ya mnara. Ila upepo huja na kuondoka. Mtambo ukisimama, utando wa oili unapotea. Ukianza kuzunguka, nyuso mbili zinagusana kabla oili haijazitenganisha. Huko ndiko kulika kunakotokea.

Ndiyo maana jaribio la kikavu, la pini kusuguliwa juu ya diski, halinitoshi. Nionyesheni mtambo ukiwashwa na kuzimwa mara maelfu, oili ikiwa na uchafu, kisha nipeni uzito uliopotea pande zote mbili: wa bronzi na wa chuma kilichoisugua. Ripoti nyingi ninazokutana nazo zinapima bronzi peke yake.

Kwa pini ya ekskaveta, mimi bado ningenunua bronzi ya fimbo nikampelekea fundi akereze. Ikilika, inagongwa nje kwa nyundo, inaingia nyingine, na jioni mashine iko kazini.