Fuvu la Mkwawa: Libaki Kalenga au Lizikwe Mlambalasi?

Kiwiliwili cha Mtwa Mkwawa, mtawala wa Wahehe aliyepigana na Wajerumani, kipo Mlambalasi, alikojipiga risasi Julai 19, 1898 ili Wajerumani wasimkamate akiwa hai. Kichwa walikikata wakakipeleka Ujerumani; leo fuvu lipo kwenye makumbusho ya Kalenga, karibu na Iringa mjini, ndani ya kabati la kioo.

Wanaotaka libaki pale wana hoja nzito. Mizinga ya von Schele, gavana wa Kijerumani, iliibomoa ngome ya Kalenga Oktoba 1894, na kilichosalia ni kidogo mno. Fuvu likiondoka, mtoto wa shule ataona mikuki na ngao, vitu anavyoweza kuviona kwingine. Tena Ujerumani ilikana kuwa nalo: Mkataba wa Versailles wa 1919, ibara ya 246, uliitaka ilikabidhi ndani ya miezi sita, lakini halikurudi hadi 1954. Kitu kilichokanwa namna hiyo, wanasema, hakifukiwi.

Ila ushahidi kwamba fuvu ni lake una walakini. Gavana Twining, Mwingereza aliyetawala Tanganyika, alilichagua kwenye makumbusho ya Bremen, Ujerumani, kati ya mafuvu mengi, akiangalia tundu la risasi na kulinganisha vipimo na vichwa vya ndugu wa Mkwawa walio hai. Kupima vichwa! Elimu ileile iliyowafanya wakusanye mafuvu yetu ndiyo iliyotumika kuturudishia moja. Na mwaka huo Mau Mau walikuwa vitani Kenya, huku TANU ikizaliwa; sidhani gavana alimkabidhi fuvu Chifu Adam Sapi, mjukuu wa Mkwawa, kwa hisani tupu.

Kwa hiyo, kama fuvu ni la Mkwawa, shujaa aliyewashinda Wajerumani Lugalo amefanywa kielelezo cha kupitiwa na wageni. Kama si lake, ni la babu wa watu wengine, na ukoo wake haujui hata aliko. Sioni upande gani hapo unaolihalalisha kabati.

Makumbusho ya Majimaji kule Songea yana kaburi la mashujaa walionyongwa 1906, na watu hukusanyika kila Februari. Kichwa cha Nduna Songea Mbano, jemadari wa Wangoni aliyenyongwa na Wajerumani, hakijapatikana mpaka leo, lakini vita ile haijasahaulika.

Naegemea kuzika, ukoo ukiridhia. Kalenga itapoteza wageni kiasi, na hasara hiyo itawafikia wanaoishi kwa kuwahudumia. Serikali isijifanye haioni. Lakini kwanza vipimo vya vinasaba vifanyike. Twining hakuwa navyo, sisi tunavyo.