Mama mmoja, jezi mbili: msaliti ni yupi?

Usiku wa tarehe 24 Januari 2024 nilikuwa banda umiza moja hapa Mwanga, Kigoma, Taifa Stars wanacheza na Kongo kule Korhogo, Ivory Coast, mechi ya mwisho ya kundi AFCON. Benchi la mbele yangu wamekaa ndugu wawili, mama mmoja, mkubwa kazaliwa Uvira ng'ambo Kongo mdogo kazaliwa Ujiji, mkubwa anaishangilia Kongo mdogo anaishangilia Stars na katikati yao kuna sahani moja ya migebuka wanachangia. Ikaisha 0-0, sisi tukatolewa na pointi zetu 2, Kongo wakaenda mpaka nusu fainali. Mdogo mtu kainamia sahani hasemi kitu, kaka yake kamshika bega tu. Hakuna mtu bandani aliyewauliza nani msaliti.

Nimeikumbuka hiyo kwa sababu juzi kijiwe cha kahawa mzee mmoja aliwaka kuhusu Iñaki na Nico Williams, wachezaji ndugu, mkubwa kachezea Ghana mdogo Hispania, akasema damu moja haiwezi kuwa na bendera mbili, lazima mmoja wao kafuata hela. Mzee wangu namheshimu ila hapo sikubaliani naye, ingawa kuna sehemu ana pointi na nitaisema.

Wale wazazi wao walitoka Ghana wakavuka jangwa la Sahara kwa shida mpaka Hispania, Iñaki kazaliwa Bilbao 1994, Nico kazaliwa Pamplona 2002. Iñaki Hispania walimwita 2016 akacheza mechi moja ya kirafiki basi, hawakumwita tena, miaka sita. Mdogo wake akaja kuitwa na kubakia, mpaka fainali ya Euro 2024 kawafunga Waingereza. Sasa hapo upendo wa nchi umeingiaje? Mmoja kaitwa akaachwa, mwingine kaitwa akapendwa, na kaka mtu alikuwa bado ana nchi nyingine ya halali kabisa, ya baba na mama yake. Kombe la Dunia Qatar wote wawili wamecheza, kila mtu na jezi yake.

Pointi ya mzee ni hii hapa. Ghana walifuzu Machi 2022 kwa kuitoa Nigeria, Iñaki katangaza kwenda Ghana Julai, yaani tiketi ishakatwa. Yule kijana aliyepigana mechi za kufuzu, kapanda ndege na mabasi, kapigwa viatu ugenini, alafu anafika mtu anakaa kwenye siti yake. Hilo linauma na mi sitaki kulipamba. Ila lawama hiyo naona ni ya kocha na chama cha mpira kuliko ya mchezaji, maana yeye kaomba kucheza, hakujipanga kikosini.

Wengine watakutajia kina Boateng, Jérôme wa Ujerumani na Kevin-Prince wa Ghana, baba mmoja mama tofauti, wote wazaliwa wa Berlin, Juni 2010 wakakutana Johannesburg, mara ya kwanza ndugu kupambana Kombe la Dunia. Mwezi mmoja kabla Kevin-Prince alikuwa kamuumiza Ballack, nahodha wa Ujerumani, fainali ya Kombe la FA kule Uingereza, Wajerumani wakachukia hasa, na joto lile lote likaingia ndani ya familia. Kwa hiyo simaanishi haina gharama. Euro 2016 mama yao kina Xhaka kaenda uwanjani na fulana nusu Uswisi nusu Albania, Granit huku Uswisi, Taulant kule Albania. Mama yule angefanyaje jamani?

Ila kinachonikera mimi ni tofauti kati ya hao na sisi. Wale walikuwa na nchi mbili mkononi, kuchagua jezi hakukuwagharimu nchi nyingine. FIFA wao tangu 2020 wamelegeza, uliyecheza timu ya wakubwa mechi zisizozidi tatu, za kirafiki zikiwemo, ya mashindano ya mwisho ukiwa chini ya miaka 21, hujacheza fainali za Kombe la Dunia wala za bara na miaka mitatu imepita, unaweza kubadili timu ya taifa. Sheria yetu haijalegea hivyo, uraia pacha kwa mtu mzima hakuna.

Nenda Ulyankulu kule Tabora. Ni makazi ya Warundi waliokimbia 1972, na baadae serikali yetu ikawapa uraia watu kama 162,000 wa pale na Katumba na Mishamo, jambo kubwa sana ambalo nchi chache duniani zimelifanya. Lakini wapo waliochagua kurudi Burundi, na ndani ya ukoo mmoja unakuta huyu karudi huyu kabaki. Watoto wao wote wanakimbiza mpira. Na Burundi na Stars sio timu zisizokutana, Septemba 2019 tulitoka nao 1-1 Bujumbura, 1-1 Dar, tukawatoa kwa penati.

Basi chukua kipa wa Ulyankulu, mtanzania wa makaratasi, Stars hawajawahi hata kumtazama, kaka yake yuko Bujumbura, na Burundi wanamtaka yeye kipa. Akikubali inabidi achukue paspoti yao na ya kwetu airudishe. Siku akitaka kuja kumzika mama yake Ulyankulu anagonga muhuri wa mgeni pale mpakani Manyovu.