Matone ya bangi: dawa ipo kweli, ila chupani mna nini?

Shangazi yangu alinipigia simu saa nne usiku, na huyu ni mtu anayelala saa mbili. Binti yake yuko Marekani, kamtumia kwa mkono wa mtu aliyekuwa anarudi Dar kichupa cha kioo cheusi kina kampira ka kuvutia dawa, kimeandikwa CBD, mililita 30, miligramu 600. Mjukuu ana miaka mitano na ana kifafa. Sasa shangazi anauliza, "Baba, wewe unayesomasoma mambo, nimpe nisimpe? Maana huku naambiwa ni bangi hii, na mwenzio huko anasema watoto wa wazungu wanapona."

Nikamwambia asimpe kwanza, nitampigia. Halafu nikakaa na hilo swali wiki nzima, kwa sababu ukweli pande zote mbili zina hoja.

Tuanze na kitu chenyewe. Matone haya wanayaita tinkcha, yaani spiriti iliyobeba nguvu ya kitu kilicholowekwa au kuyeyushwa ndani yake, kama ile aidini tuliyokuwa tunapakwa shuleni ukichubuka goti, ile nayo ni tinkcha. Siku hizi chupa nyingi zinazouzwa huko ng'ambo ni za mafuta wala sio spiriti, ila watu wanaziita jina moja tu. Unadondosha chini ya ulimi, unakaa nayo dakika moja hivi, inaanza kuingia kwenye damu pale pale, ukiimeza inapita tumboni na kwenye ini, inachelewa na nyingi inapotelea njiani. Ndani mna vitu viwili vinavyotajwa sana, THC ndiyo inayolevya, CBD hailevyi. Shikilia hapo kwenye hivyo viwili maana ugomvi wote uko hapo.

Wanaosema ni dawa hawajatunga. Marekani kule Colorado kulikuwa na mtoto anaitwa Charlotte Figi, ana kifafa kibaya cha vinasaba kinachoitwa Dravet, alikuwa anapata degedege kama 300 kwa wiki. Kwa wiki jamani. Dawa za hospitali ziligoma, mama yake akaanza kumpa mafuta ya bangi yenye CBD nyingi na THC kidogo sana, degedege likashuka mpaka mara mbili tatu kwa mwezi. CNN wakaitangaza mwaka 2013 na familia zikaanza kuhama majimbo zao kwenda Colorado kufuata mafuta. Charlotte alifariki 2020 akiwa na miaka 13, lakini ile habari yake ndiyo iliwasukuma wengi.

Na haikuishia kwenye hadithi ya mama mmoja. Mwaka 2017 ulitoka utafiti wa watoto na vijana 120 wenye Dravet, nusu wakapewa CBD, nusu wakapewa dawa isiyo na kitu, na wote waliendelea na dawa zao za zamani. Kwa waliopewa CBD, ukiwapanga kwa idadi ya degedege, mtu wa katikati alitoka 12.4 kwa mwezi akafika 5.9, kwa wale wengine alitoka 14.9 akafika 14.1. Mwaka uliofuata, Juni 2018, Marekani wakapitisha Epidiolex, dawa ya maji ya CBD iliyosafishwa ndani ya mafuta ya ufuta, kwa ajili ya Dravet na kifafa kingine sugu kinachoitwa Lennox-Gastaut. Kwa hiyo mtu akikwambia bangi haina dawa yoyote ndani yake, huyo amepitwa na mambo.

Ila sasa twende kwenye hesabu, hapa ndipo mimi nilipogeuka.

Epidiolex mtu anaanzishwa miligramu 5 kwa kila kilo ya mwili kwa siku, baadaye anapandishwa kumi, wengine mpaka ishirini. Mjukuu wa shangazi ana kilo 18. Kwa dozi ya kumi anahitaji miligramu 180 kila siku. Chupa ya shangazi yote nzima ni 600! Yani inaisha ndani ya siku tatu na kidogo. Na kwenye lebo wameandika mililita moja kwa siku, ambayo ni miligramu 20, sehemu moja ya tisa ya hiyo dozi ya kumi. Kwa dozi ya ishirini, ambayo ndiyo waliyopewa wale watoto wa utafiti, ndiyo usiseme. Kwa hiyo ukisema "utafiti umethibitisha" halafu ukamuuzia mtu kichupa hicho, unamuuzia jina la utafiti tu, dawa yenyewe haimo.

Na hiyo ni kama lebo inasema kweli. Mwaka huo huo wa 2017 kuna watafiti Marekani walinunua bidhaa 84 za CBD mtandaoni wakazipima, ni asilimia 31 tu zilizokuwa na kiasi kilichoandikwa. Zaidi ya robo zilikuwa na pungufu, nyingine zilizidi, na 18 zilikutwa na THC. Mtoto wa miaka mitano unampa matone ukidhani hayalevyi kumbe yanalevya.

Kilichonishangaza ni kwamba hii shida ya chupa ni ya zamani kuliko sheria zenyewe. Kuna daktari mmoja wa Ireland, William O'Shaughnessy, alikuwa Calcutta, mwaka 1839 akaanza kuandika jinsi alivyotumia tinkcha ya bangi kwa wagonjwa wa pepopunda, baridi yabisi, mpaka kichanga mwenye degedege. Ikaenea Ulaya na Marekani, ikakaa kwenye kitabu rasmi cha dawa cha Marekani toka miaka ya 1850 hivi mpaka 1942. Watu wanapenda kusema iliondolewa kwa fitina za siasa, na kweli kodi ya bangi waliyoweka Marekani 1937 iliibana sana, lakini madaktari wenyewe walikuwa wameshaanza kuchoka, chupa hii kali, ile imekufa nguvu, mgonjwa mmoja hapati usingizi, mwingine anaona maruweruwe, hujui unampa nini. Zikaja aspirini na sindano zenye kipimo, wakahamia huko.

Turudi kwetu, maana wapo wataalamu wa kijiweni wanaokwambia kwa nini ununue ya mzungu wakati mmea tunao, loweka majani kwenye pombe kali wiki mbili chuja mpe mtoto matone. Hapana. Bangi inayolimwa huku kwetu kwa kawaida ni ya THC, CBD yake kiduchu, ni mmea mmoja ila kazi yake nyingine kabisa. Ukiiloweka unapata kitu kinacholevya ndani ya pombe, ambayo nayo ni sumu kwa mtoto. Charlotte alipewa mafuta ya aina ya bangi iliyozalishwa makusudi iwe na CBD nyingi, hiyo haioti nyuma ya nyumba ya mtu.

Kingine hakisemwi kwenye matangazo. CBD inapita kwenye ini na inagombana na dawa nyingine. Mjukuu anatumia valproeti, dawa ya kawaida ya kifafa, na kwenye utafiti wa Epidiolex waliopandisha vipimo vya ini wengi walikuwa wale wanaotumia valproeti. Hospitali wangempima damu kabla na baada, shangazi atapimia nini, kijiko? Wenye dawa za kuzuia damu kuganda kama wafarini nao wawe makini.

Sasa nisije nikaonekana nipo upande wa wale wa "bangi ni bangi kamata weka ndani". Nao wana lao la kujibu. Tanzania sheria ya dawa za kulevya ni ya 2015, watu wanafungwa hata miaka 30 kwa bangi, ukikutwa uwanja wa ndege na kichupa halafu uanze kueleza tofauti ya CBD na THC, mwenzangu sikuombei. Matokeo yake mzazi mwenye mtoto ambaye dawa zote zimegoma kweli, na wapo, hana pa kuuliza, hata kwa daktari anaogopa kutaja. Uingereza ilibidi 2018 mtoto mwenye kifafa, Billy Caldwell, anyang'anywe mafuta ya bangi uwanja wa ndege wa Heathrow, alazwe, taifa zima lipige kelele, ndiyo kufika Novemba madaktari bingwa wakaruhusiwa kuwaandikia wagonjwa. Na mafuta ya Billy yalikuwa na THC ndani, kwa hiyo hata hii ya kusema CBD nzuri THC mbaya sio nyepesi kama ninavyoiandika hapa.

Halafu kuna kichekesho kinachouma. Lesotho walitoa leseni za kulima za matibabu toka 2017, Rwanda mwaka 2021 wakaruhusu kulima kwa ajili ya kuuza nje huku raia wakiendelea kukatazwa. Kenya 2022 Wajackoyah aligombea urais kwa ahadi ya kulima bangi ilipe madeni. Kote wanaongelea dola. Mgonjwa wa hapa hapa hayumo kwenye hayo mazungumzo, mimi ningeona bora tuanze na yeye, dawa iliyosajiliwa, iandikwe na daktari wa mishipa ya fahamu, kwa wale ambao nyingine zimeshindikana. Bei najua, Epidiolex ilipotoka ilikuwa kama dola 32,500 kwa mwaka, hiyo nayo ni kelele nyingine.

Maumivu, usingizi, wasiwasi, sitaki hata kukaa sana huko. Kuna dawa ya kupuliza mdomoni, Sativex, yenye THC na CBD, inawapunguzia kukakamaa kwa misuli baadhi ya wagonjwa wa MS, ugonjwa unaoshambulia ubongo na uti wa mgongo. Nje ya hapo ushahidi ni hafifu kuliko maneno, chama cha kimataifa cha watafiti wa maumivu mwaka 2021 kilisema hakiidhinishi bangi itumike kwa ujumla kutuliza maumivu.

Nilimpigia shangazi Jumamosi. Nikamuuliza dawa za hospitali anapewaje. Akasema akianza kutetemeka ndiyo wanampa, akitulia wanaacha, ziwe zinabaki. Na dozi ile ile toka alipokuwa na kilo 11. WHO wanasema mpaka asilimia 70 ya wenye kifafa wanaweza kuishi bila degedege wakitibiwa sawasawa, na dawa za kawaida zinaweza kugharimu dola 5 tu kwa mwaka, na sisi tumesumbuka na kichupa cha kutoka Marekani.

Walienda kliniki, dozi ikapandishwa kulingana na kilo, anapewa asubuhi na jioni atetemeke asitetemeke. Wiki ya tatu hii degedege mara moja tu, ni mapema, sisemi kitu. Kichupa kiko kabatini nyuma ya sukari hakijafunguliwa, shangazi hataki kukitupa, anasema mwanae kakinunua ghali.