Koti Lenye Mifuko Sita

Tiketi yenyewe ilikuwa ya yuro 14 na senti 99, kutoka Charleroi hadi Roma, na usiku ule niliponunua nililala nikitabasamu peke yangu kama mtu aliyeokota dhahabu jalalani. Nilikuwa mwaka wa kwanza wa shahada ya uzamili katika mji wa Leuven, Ubelgiji, na posho yangu ilikuwa imepimwa kwa kibaba: ikishatoka kodi ya chumba, kilichobaki kilitosha mkate, viazi na nauli ya treni mara mojamoja. Kuiona Roma wakati wa Pasaka kwa fedha kiasi hicho kulionekana kuwa rehema niliyoshushiwa mimi pekee, na wala sikujiuliza kwa nini shirika la ndege linihurumie hivyo.

Jibu nililipata kwenye barua pepe ya uthibitisho. Nilikuwa nimeruhusiwa kifurushi kimoja tu cha kuingia chini ya kiti cha mbele, chenye sentimita 40 kwa 25 kwa 20, yaani mkoba wa mtoto wa chekechea, na begi lolote lililozidi hapo, likinaswa mlangoni, lingelipiwa mara nne ya bei ya tiketi. Isitoshe, uwanja wa Charleroi, ambao tiketi iliuita wa Brussels, uko zaidi ya kilomita 45 kutoka Brussels, na basi la kunifikisha huko lilitaka yuro 17. Kuifuata ndege kulikuwa ghali kuliko kuipanda.

Aliyenipa ufumbuzi ni mwenzangu wa Mombasa, ambaye alikuwa akisoma chuo hicho hicho na ambaye alikwisha kuzunguka nchi tisa za Ulaya kwa mkoba mmoja na jozi mbili za soksi.

"Yakhe," aliniambia, "koti halihesabiwi kuwa mzigo. Koti ni mwili. Ukishalivaa, yaliyomo mifukoni ni viungo vyako."

Koti nilikuwa nalo. Nililinunua mwezi Novemba katika duka la nguo zilizotumika pale Leuven, jambo lililonifurahisha sana kwa sababu kwetu Tanga mitumba hutufikia ikiwa imefungwa marobota, na hapa nilikuwa nimeikuta nyumbani kwao kabla haijapanda meli. Lilikuwa koti la mtu mnene, lenye kufika magotini na lenye mifuko sita: minne nje na miwili ndani yenye zipu. Mpaka siku ile nilikuwa nikidhani kwamba mifuko ile ni ya glavu.

Ningevaa nguo tu, pengine kisa hiki kisingekuwapo. Lakini Roma nilikuwa nikienda kufikia kwa dada mmoja, jirani yetu wa zamani wa Ngamiani, aliyeolewa huko miaka mingi, na yeye aliponisikia kwamba nakuja alinipigia simu akaacha salamu zote akaingia kwenye shauri lake. "Mdogo wangu, mwaka wa pili huu sijatia bada mdomoni. Niletee unga wa muhogo na dagaa. Ukija mikono mitupu, geuka hapo hapo kituoni." Bada ndiyo ugali wa unga wa muhogo.

Basi nikaenda Brussels, mtaa wa Matonge, uliopewa jina la Matonge ya Kinshasa na ambako Wakongo wana maduka yao. Mama mmoja wa Bukavu alinipimia. "Bunga iko, papa, na ndagala iko," alisema, akanifungia kilo mbili za unga na nusu kilo ya dagaa katika mifuko ya nailoni ambayo, kwa jinsi ilivyokuwa laini, ningepaswa kuitilia shaka tangu pale dukani. Asiyeujua unga wa muhogo uliovundikwa na aelewe hivi: una harufu yake, kali na yenye uchachu, ambayo mlaji huipenda na asiye mlaji hudhani kuna kitu kimekufa. Dagaa sihitaji kuwaeleza.

Usiku wa safari nilivaa suruali mbili, mashati manne na sweta, na juu ya vyote hivyo nikalivaa koti, nikiwa na unga kifuani kulia na kushoto, kilo moja kila upande, dagaa kiunoni, viatu vya ziada katika mifuko ya chini, na chaja, mswaki na taulo katika iliyobaki. Sikuweza kuinama. Mwenzangu, ambaye tulikuwa tukisafiri pamoja, alinifunga kamba za viatu kama afungwavyo mtoto, kisha akarudi nyuma hatua mbili kunitazama, akasema kwamba tukifika uwanjani angeomba tusimame mbalimbali.

Ilikuwa saa kumi na moja ya alfajiri tulipofika penye ukaguzi, na hapo ndipo nilipokumbuka jambo ambalo kila abiria hulijua: koti huvuliwa. Nililitandika katika sinia la plastiki, na sinia moja halikulitosha, likahitaji mawili. Mashine ilimeza koti, ikasimama, ikarudi nyuma, ikasimama tena. Afisa mmoja alinyanyua vifuko viwili vya unga mweupe, akaviweka mezani taratibu kama mtu anayeweka mayai, akaniuliza kwa Kifaransa ni kitu gani.

Msomaji anisaidie kuelewa balaa lililokuwa mbele yangu. Charleroi iko Walonia, ambako watu husema Kifaransa, lakini Leuven iko Flanders, ambako husema Kiholanzi, na kwa miezi saba mimi nilikuwa nimejifunza Kiholanzi cha sokoni tu. Unga kwa Kiholanzi huitwa "bloem". Nikalitamka neno hilo kwa kujiamini na kwa sauti. Kwa bahati mbaya, neno hilo hilo "bloem" maana yake pia ni ua, na afisa yule, ambaye Kiholanzi chake kilikuwa kidogo kuliko changu, alikuwa anajua maana hiyo moja. Akautazama unga. Akanitazama mimi, mtu mwenye mashati manne, ninayetokwa na jasho saa kumi na moja ya alfajiri, ninayedai kwamba kilo mbili za unga mweupe zilizofichwa kifuani ni maua.

Akamwita mkubwa wake. Nami kwa kutaka kulisawazisha jambo nikaanza kusonga ugali hewani: nikashika mwiko usiokuwapo, nikainjika sufuria isiyokuwapo, nikasonga kwa nguvu huku nikirudia "bloem, bloem", kisha nikamega tonge nikalitia kinywani. Mwenzangu alikuwa upande wa pili akivaa mkanda wake, na nilipomwelekezea kidole ili aje anitolee ushahidi, aligeuka akaanza kusoma tangazo la manukato.

Walipitisha kitambaa juu ya vifuko, wakakitia katika kimashine chao, na kimashine hakikulalamika. Hata hivyo mkubwa yule hakuridhika, akafungua kifuko kimoja, akainama, akanusa. Sijapata kuona shingo ya binadamu ikirudi nyuma kwa kasi namna ile. Alipoyaona macho ya dagaa wale mia kadhaa yakimkodolea kutoka kifuko cha tatu, alisukuma vyote upande wangu kwa ncha ya kidole, akanionyesha njia. Katika haraka zile kifuko kilichofunguliwa hakikufungwa vizuri, na mimi kwa furaha sikukitazama.

Mlangoni pa ndege hawakunigusa. Mfanyakazi aliutia mkoba wangu katika kile kisanduku cha kupimia, ukaingia, akanitazama mimi kwa muda mrefu kama anayetamani na mimi nitiwe humo, kisha akaniruhusu.

Kiti changu kilikuwa cha katikati, na mkanda haukunifika. Ilibidi mhudumu aniletee kipande cha kuuongeza, nami nikaukaza kwa bidii ili kumwonyesha ushirikiano, na hapo nikasikia kitu kikifanya "puf" ndani ya koti. Kulia kwangu aliketi bibi mmoja wa Kiitaliano mwenye rozari mkononi. Baada ya robo saa alinusa mara moja. Akanusa tena. Akatazama miguu yangu kwa huruma, akafungua mkoba wake akanipa peremende mbili na kitambaa chenye marashi, akaendelea kusali, na naamini kwamba sala mojawapo ilikuwa yangu. Ningemweleza kwamba si soksi, lakini Kiitaliano cha "dagaa" nilikuwa sikijui, na mambo ya kuigiza nilikuwa nimeapa kuyaacha.

Roma tuliikuta na jua. Tulishuka uwanja wa Ciampino, tukapanda basi hadi kituo kikuu cha Termini, na njia nzima mvuke ulinitoka kolani kama biriani iliyofunuliwa. Termini nilikimbilia chooni, nikalipa yuro moja kwa mama aliyekaa mlangoni, nikajifungia, nikaanza kujimenya nguo moja baada ya nyingine. Kilo nzima ya unga ilikuwa imemwagika, ikashikamana na jasho. Nilijipangusa kwa taulo, na kila nikipangusa ndivyo nilivyozidi kujikandika. Nilipotoka nilikuwa mwembamba, mweupe mpaka kope, nikiwa na fulana moja na bunda la nguo kichwani. Mama yule hakunitambua. Kwa hesabu yake aliingia mtu mnene mweusi na hajatoka, na huyu aliyetoka hakuwa amelipa. Alinishika mkono, akaenda kugonga mlango wa choo kitupu, akimwita yule mnene atoke. Nililipa yuro nyingine. Ilikuwa rahisi kuliko kueleza.

Dada alinipokea kwa kicheko kilichomkalisha chini. Kilo iliyosalimika aliisonga usiku ule ule, tukala bada kwa dagaa hadi tukalamba vidole, na mwenzangu wa Mombasa, aliyenikana mbele ya askari, ndiye aliyeongeza mara tatu. Kesho yake dada alitutembeza katika soko la Esquilino, mwendo wa dakika chache tu kutoka Termini, na huko nikaona kwenye rafu, umepangwa vizuri kwa pakiti za kilo, unga wa muhogo. Nilisimama pale nikiwa sina la kusema.

"Ule upo siku zote," dada alisema bila kuona haya. "Lakini hauna mtu aliyeuleta."

Usiku wa kuamkia kurudi, nilipokuwa nikiukunja mkoba wangu wa chekechea, alinikuta sebuleni akiwa amekumbatia jibini kubwa la duara, soseji nne na mfuko wa maharage ya kahawa, vya kumpelekea shoga yake wa Antwerp, huko huko Ubelgiji. Akalitazama koti, ambalo lilikuwa limetundikwa dirishani siku tano lipigwe upepo.

"Mdogo wangu," aliuliza, "hivi lile lina mifuko mingapi?"