Barua ya Mistari Miwili

Barua aliyoniandikia daktari wangu wa macho ilikuwa na mistari miwili: kwamba nina uoni hafifu, na kwamba naomba kusaidiwa kadiri itakavyowezekana. Chini yake muhuri wa zambarau ulikuwa umefunika nusu ya saini. Katika shughuli nyingi za hapa Nairobi barua kama hiyo hutosha, kwa kuwa anayeipokea husoma muhuri kuliko maneno. Waandaaji wa mtihani wa kuingilia shahada ya uzamili ng'ambo hawakuridhika nayo. Walitaka ripoti ya karibuni inayoeleza macho yangu yamepimwaje, yananikwamisha vipi nisomapo kwenye skrini, na kwa nini naomba nusu ya muda zaidi badala ya robo.

Swali lenyewe ni la haki. Maandishi yakikuzwa mara nne, aya iliyokuwa ikionekana yote kwa pamoja hubidi isukumwe huku na huku, mstari baada ya mstari, na jicho likifika mwisho wa sentensi huwa limekwisha kusahau mwanzo ulikuwa wapi. Kwa hiyo herufi kubwa bila muda wa ziada ni msaada nusu. Hilo daktari wangu hakuliandika, na sidhani kama aliwahi kuulizwa. Ninalolalamikia ni mzigo wa kulithibitisha. Nilizunguka kliniki tatu, mbili za Upper Hill na moja ya Parklands, kabla ya kumpata mtaalamu aliyekubali kuandika ripoti ya aina hiyo, na malipo yake yakazidi ada ya mtihani. Wakati wote huo sikuruhusiwa kuchagua tarehe ya kuufanya, kwa sababu ombi lilikuwa bado linachunguzwa.

Nyuma ya uchunguzi huu kuna shaka ya siku nyingi kwamba muda wa ziada ni upendeleo. Hata huko Marekani, ambako sheria ya mwaka 1990 inawalazimu watahini kuwajali wenye ulemavu, matokeo ya GMAT na GRE, mitihani ya kuingilia masomo ya uzamili, yaliyopatikana kwa muda wa ziada yalikuwa yakipelekwa vyuoni yakiwa na dokezo kwamba mtihani ulifanywa katika hali isiyo ya kawaida. Mark Breimhorst, mtahiniwa wa GMAT asiye na viganja, aliwashtaki ETS, waliokuwa wakiuendesha mtihani huo, na suluhu ya mwaka 2001 ikaliondoa dokezo hilo. Waandaaji wa LSAT, mtihani wa kuingilia vyuo vya sheria, waliendelea nalo hadi mwaka 2014, serikali ilipowabana mahakamani.

Kanuni za nchi hiyo zina kifungu ambacho laiti ningekijua mapema: mtahini anatakiwa ayape uzito mkubwa marekebisho ambayo mtahiniwa alikwisha kupewa katika mitihani ya aina hiyo. Mimi KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, niliifanya kwa karatasi za herufi kubwa, chini ya Baraza la Mitihani la Kenya. Nina pia kadi ya Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu, ambayo mtu haipati mpaka madaktari wamkague. Kwa maoni yangu hati hizo mbili zingetosha, na mtahini angebaki na swali moja tu, la kiasi cha muda. Anayeziweka kando na kudai ripoti mpya anachukulia kwamba kila mtahiniwa anaishi jirani na mtaalamu, tena ana fedha za kumlipa.

Lawama nyingine ni yetu. Ibara ya 54 ya Katiba inampa mwenye ulemavu haki ya kufikia elimu, lakini madaktari wetu bado wanaandika jina la ugonjwa na kuishia hapo, bila kusema mgonjwa anashindwa kufanya nini na kwa muda gani. KISE, taasisi ya elimu maalumu kule Kasarani, imezoea kupima watoto wa shule kwa jicho hilo. Mtu mzima anayeelekea chuo kikuu angefaidika vilevile.

Ripoti yangu ya pili ilikuwa na kurasa sita. Ombi lilikubaliwa bila swali hata moja, wiki mbili baada ya chuo nilichokitaka kufunga dirisha la maombi.